Kitasa cha Mlango wa Kaka Yako

Mwanangu kipenzi,

Baba yako hajambo, bibi yako anakusalimu, mapacha wa shangazi yako wanakohoa kidogo tu, hata paka mzima.

Kaka yako ile nyumba ya serikali ya wagonjwa wa akili na walioacha unga ilimfaa sana. Anameza dawa, na ufunguo wa chumba chake anauvaa shingoni kama medali. Sasa serikali imekata fedha, nyumba inafungwa mwisho wa mwezi. Anarudi hapa.

"Mama, chumba changu kina kitasa?" ameniuliza. Nikacheka tu. Niliking'oa siku ile aliyojifungia na wembe.

Ninaandika huku nikiinuka kuutazama mlango. Fundi nimemwambia angoje. Nikirudishe, nisikirudishe? Nijibu upesi, mama.

Mama yako