Mchicha wa Maganda ya Binti Yangu

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, ila magoti yangu tu. Binti yangu msomi ananipa kichwa: hutia maganda ya ndizi dawa, yakanyonya madini ya risasi kwenye maji machafu ya kiwanda cha betri. Mabosi wenyewe humwamkia.

Maganda yaliyotumika aliyaweka uani kwetu kwenye magunia, maana stoo ya kiwanda imejaa. Mimi nikayafanya mbolea.

Jana kaniuliza, “Mama, magunia yako wapi?”

Nikamwonyesha mchicha ulivyonawiri. Akaketi chini palepale.

“Mama, sumu yote imo humo.”

Kile kikapu cha mchicha nilichokutumia, kimwage. Kama mjukuu ameshaula, mpeleke hospitali sasa hivi, uwaambie ni risasi. Dereva aliyeleta barua hii anawasubiri.

Dada yako, roho mkononi.