Aliyefufua Mashine Siku ya Pasaka

Durban, 14 Julai 2013

Papa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kwa jina la Bwana. Huku tuko wazima, ila baridi inatuchezea. Magoti yako je? Na Mama, bado anakuficha sukari? Aendelee hivyo hivyo!

Barua yako Doudou alinifikishia aliporudi kutoka huko kwetu. Umeandika kwamba huna mtoto wa kiume, hivyo mashine yetu ya kusaga utamuuzia Vénérand, kwa kuwa ndiye peke yake aliyewahi kuifufua. Papa, ngoja kwanza! Roho imeniruka.

Unajua niliacha saluni nikaenda kufagia kiwanda cha biskuti kule Jacobs. Sifagii tena! Kiwanda kilinisomesha ufundi miaka mitatu, na wiki iliyopita nimefaulu mtihani. Huku fundi wa mitambo kama mimi anaitwa millwright. Mwalimu wetu Shem, Mkenya anayependa maelezo kuliko chai, alitueleza asili ya jina hilo: mill ni kinu cha kusaga, na wright, kwa Kiingereza cha zamani, ni fundi. Enzi hizo kwao kinu ndicho kilikuwa mtambo mkubwa, basi aliyekiweza aliitwa kutengeneza na mingine yote. Mitambo ikaongezeka, jina likabaki. Nilicheka mpaka machozi. Darasa zima, mimi tu ndiye niliyelelewa kwenye unga!

Kwenye mtihani walitupa mota mbovu. Nikaegemeza bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, vile unavyofanya wewe, nikasikia beringi imekwisha. Wenzangu wakabaki na eish zao za mshangao.

Sasa kaa chini, Papa. Ile Pasaka mashine ilipokufa, wewe ukiwa misa, Vénérand alifika kuitengeneza akiwa amelewa, akalala nyuma ya magunia. Aliyeifungua na kuitengeneza ni mimi, na miaka yangu kumi na minne. Ulikuwa umeapa kwamba msichana akigusa injini ile atakula fimbo, basi nikanyamaza. Uliporudi ukaikuta inanguruma, ukadhani ni kazi ya Vénérand, ukampa beberu la mbuzi, naye akapokea bila haya! Nimekuficha miaka yote hii. Nisamehe.

Lakini usimuuzie. Desemba nakuja na vifaa vyangu. Fimbo yako nitaipokea, Papa, ila mashine niachie mimi.

Mbusu Mama, na majirani wote wa Mulongwe uwasomee barua hii kwa sauti, Vénérand akiwepo.

Ni mimi binti yako, fundi,
Immaculée