Neno Asilotaka Kulifuta Daktari Adli

Jumamosi, 5 Machi 1977
Jedda. Nimechapa sura ya tatu ya ripoti ya Daktari Adli mpaka vidole vimekufa ganzi. Watoto wa Gaza — maji ya chumvi, kuharisha, zahanati zimefungwa. Daktari Adli anasema hawaugui umaskini tu, wanaugua ukoloni. Neno hilo kila ukurasa! Mwenyewe Mpalestina, pasipoti hana, ana hati ya ukimbizi na ikama, kibali cha kukaa nchini, ya kazi hii. Lakini kwa kujiona, hajambo.

Jumatatu, 7 Machi
Wakubwa wetu wa Riyadh wanataka alifute neno hilo, aandike "hali ngumu". Amekataa. Kisha akanigeukia mbele ya ofisi nzima: Haroub ukoloni anaujua kwa upande wa pili, babu yake Unguja alikuwa na mikarafuu na watu wa kumchumia! Wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Mikarafuu tulikuwa nayo, sikatai. Na baba, waliyemuua kwenye mapinduzi ya sitini na nne, walimwita mkoloni. Hilo nalo la kuchekesha?

Ijumaa, 11 Machi
Mke wangu Wahida kamwalika Adli chakula! Hajui kitu. Adli kala sahani mbili za biriani, kampima mtoto wetu kifua, kampa dawa. Pesa hataki.

Wahida ananiuliza, mtu mwema hivi wamnunia nini? Akiwa mwema ndiyo namchukia zaidi.

Jumanne, 15 Machi
Riyadh. Tumeitwa wote wawili — mimi leo, yeye kesho. Mkubwa mpole kupita kiasi, kanimiminia kahawa mwenyewe. Akauliza, daktari huwapigia siasa wale akina mama wa Gaza anaowahoji kule Jedda, mtaa wa Kandara?

Hajawahi. Huwauliza maji, maziwa, homa. Nilikuwepo kila mara.

Nikasema ndiyo. Kila siku.

Halas, yamekwisha. Mkataba unavunjwa, ikama inafutwa. Nikauliza watamrudisha wapi. Mkubwa akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Alikotoka, akasema.

Nimefurahi. Hapa sina wa kumdanganya: nimefurahi.

Hodi mlangoni hapa hotelini — ni Adli! Kaleta chai, vikombe viwili, nasikia vinagongana. Ya Haroub, anaita, wamekuuliza nini? Umenitetea?

Nimemwambia asubiri, navaa.

Nimeshavaa.