Utosi Walioninyoa

Kintinku

Kaka Sostenes,

Shikamoo kaka. Huku shambani uwele umetoka kidogo, na yule ndama mweusi ameshaachishwa kunyonya.

Lile zoezi la Kibudha ulilonifundisha kwenye simu nalifanya kila asubuhi. Nakaa nimefumba macho, nafuata pumzi, halafu naupitia mwili polepole kuanzia utosini. Shangazi Kristina ananicheka, "Wewe Jenifa, unaatamia mayai ya nani?"

Sasa nikwambie ukweli, maana kwenye simu naona aibu. Huwa sifiki miguuni. Nakwama utosini, pale waliponinyoa siku tulipomaliza matanga ya mama. Tulinyolewa watoto wote isipokuwa wewe, na shangazi akawaambia watu umebanwa na kazi. Nikifika hapo kifua kinabana, taya zinakaza. Ulisema nisikikimbie ninachokihisi, nikitaje kwa jina. Nimekitaja, kaka. Ni hasira, na ni juu yako.

Ulisema pia kila hisia huja ikapita. Hii nimeitazama wiki tatu, ipo. Njoo unyolewe, hata kama matanga yamekwisha. Beseni la maji nitakushikia mimi mwenyewe.

Mdogo wako, anayekupenda hata hivyo,
Jenifa