Marobota Yamebaki Ngombezi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinikataza kuanza maneno na mkubwa bila salamu.

Kiwanda cha mkonge kimefungwa, huu mwezi wa tatu. Ulipofariki nilishika nafasi yako kwenye mashine ya brashi, kama ilivyo desturi hapa kambini Ngombezi, ili mama asitolewe kwenye nyumba ya kiwanda. Nililimeza lile vumbi nikijua nina sababu. Sasa nafasi haipo, na nyumba wanaitaka. Jumamosi tunahamia Mashewa kwa mjomba.

Redio yako ingekwambia kwa nini. Lile taifa kubwa limezidi kukabana na mahasimu wake, limesema meli itakayowapelekea mzigo isikanyage bandari zake. Hao mahasimu ndio wanunuzi wa singa zetu, nyuzi za mkonge. Marobota yamejaa ghalani, panya wanazaliana humo.

Nakumbuka ugomvi huo ulivyoanza. Ulikuwa umekaa kizingitini, redio sikioni, ukapiga paja: "Hapo wamewakomesha." Ulishangilia kama uko mpirani, baba. Ukaenda mpaka dukani kwa Bwana Amirali kumtambia, kwa kuwa yeye alikuwa upande wa pili, mkabishana hadi chai ikapoa. Na asubuhi ile ile ulikuwa umesaidia kufunga marobota kwa mikono yako, ukaniambia kwa majivuno yanakokwenda: kwa hao hao waliokomeshwa. Hukuyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi nami nilicheka tu, kwa hiyo sina haki ya kukulaumu. Lakini nakulaumu.

Kila mtu ananiambia wapiganapo tembo nyasi huumia. Nimelichoka neno hilo. Nyasi hazina mama wa kuhamisha.

Jana Bwana Amirali alikuja kutuaga. Akaitazama redio juu ya masanduku, akasema, "Mzee angesemaje leo?" Mama akamjibu, "Angekubishia." Wakalia wote wawili. Nikampa redio aende nayo.

Kinachoniuma zaidi ni kaburi lako. Limo ndani ya shamba, shamba linatafutiwa mwenyewe mpya, na trekta haliulizi nani amelala wapi. Nimepanda masale kichwani na miguuni, kama wafanyavyo kwao mama, ili anayepita ajue pana mtu.

Kwaheri, baba. Kila mwaka kabla ya mfungo nitakuja kupalilia. Nikikuta wamelima, nitapanda tena papo hapo.

Binti yako,
Mwanahawa