Koti la Kukamulia

Werugha, Jumatatu

Mwanangu Crispus,

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu baba yako husikia kila kitu. Huku ni ukungu tu, wiki nzima.

Tangu kabeji zioze shambani, alikuwa hatoki kitandani. Mimi nilimwita mvivu, hadi daktari akaniambia ni ugonjwa wa akili. Ameanza dawa. Ng'ombe naye aliukataa mkono wangu, ikabidi niwe navaa koti la baba yako ndipo akubali kukamuliwa.

Leo asubuhi koti sikuliona. Nilimkuta baba yako zizini amelivaa, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, anakamua huku analia. Sikuingia.

Ukimpigia, usimuulize kuhusu ugonjwa. Muulize ng'ombe ametoa lita ngapi.

Mama yako,
Mkamburi