Pasi, Chumvi na Kitambi cha Mkwe Wako

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Kwa taadhima na unyenyekevu mkubwa, naitangazia familia yote, walio karibu na walio mbali, kwamba kitambi cha mkwe wako kimetutoka ghafla Alhamisi iliyopita. Hakuna matanga. Mwenye kitambi ni mzima na anakula vizuri.

Nimetanguliza tangazo hilo ili upumue kwanza. Sasa nakuamkia: shikamoo. Mguu unaendeleaje? Yule daktari aliyekukataza kupanda ngazi bado anatibia ghorofa ya tatu? Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu mimba imekua, na mtoto anarusha mateke kila akisikia sauti yangu. Mama yake anasema ni furaha. Mimi sina hakika.

Najua umepigiwa simu ukaambiwa mkwe wako amenaswa kazini akiiba. Kunaswa alinaswa. Kuiba hakuiba hata msumari. Simu za ukoo wetu unazijua, habari ikitoka hapa ina mguu mmoja, ikifika kwako ina minne na mkia.

Lile ghala la saruji ulilolijua sasa ni jengo la kutunzia kompyuta. Benki na hospitali zitaweka humo kumbukumbu zao, kwa hiyo mtu haingii kama anaingia sokoni. Kwanza unanikuta mimi getini. Halafu kadi. Halafu kidole. Mwisho kuna kijichumba cha vioo chenye milango miwili: wa pili haufunguki mpaka wa kwanza umefungwa, na sakafu yake ni mizani. Inataka kujua kama umeingia peke yako au umembeba mtu mgongoni. Uzito wako unawekwa kwenye kompyuta siku ya kuandikishwa. Ukizidi au ukipungua, milango yote miwili inabana na king'ora kinalia.

Mkuu wetu wa ulinzi, tunamwita Afande, aliikaza mizani hiyo mpaka mwisho. Watu wakawa wanakula chakula cha mchana kwa woga.

Shemeji, huyo mkwe wako, alipata kazi humo ya fundi umeme, na mimi ndiye niliyemsemea. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Akiharibu, unga wake umemwagika, na mtoto yuko njiani. Tena na mimi niliyemleta ningetazamwa kwa jicho la pembeni.

Basi, mwezi uliopita nikaona anaota kitambi. Si kidogo kidogo kama watu wengine. Ijumaa hana, Jumatatu anacho. Nikamtania pale getini:

"Shemeji, mwenye mimba ni mkeo, tumbo umebeba wewe?"

"Tunasaidiana, shemeji. Mapenzi hayo."

Nikacheka, nikamfungulia.

Jumatano iliyopita Afande akatukusanya. Kesho anakuja mkaguzi. Akiridhika na milango yetu, wateja wanatia saini. Asiporidhika, kila mmoja atafute pa kwenda. Na kuanzia kesho kila anayeingia atapekuliwa kwa mikono. Mpekuzi: mimi.

Jioni nikaitwa nyumbani kwao. Nikakaribishwa chai kwa adabu isiyo ya kawaida, nikajua kuna jambo. Shemeji akafunua shati. Kitambi kilikuwa pakiti mbili za chumvi, zimefungwa kiunoni kwa shuka la mtoto ambaye hata hajazaliwa.

"Pasi yangu ndiyo imemponza," akasema mdogo wangu.

Siku ya kuandikishwa, Shangazi, mkwe wako alikuwa anaipeleka kwa fundi ile pasi uliyowaachia, ile ya zamani nzito kama tofali. Ilikuwa kwenye mkoba begani. Afande akampima na mkoba wake, akabonyeza, akasema, "Mashine haikosei, nenda." Kompyuta ikamjua shemeji kuwa ni mtu pamoja na pasi. Siku iliyofuata, mimi nikiwa mapumzikoni, akaja bila pasi, mlango ukamkataa na king'ora kikalia. Akasingizia tumbo la kuhara limempunguza uzito, akatolewa, akarudi nyumbani. Wakakaa wakawaza, mpaka mdogo wangu akaikumbuka. Kuibeba tena haiwezekani: pasi ni chuma, na anayeingia kazini hupita kwenye kifaa cha kutambua chuma. Ndipo wakaingia jikoni wakapima chumvi.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza.

"Nimwambie Afande mashine yake imenipima na pasi? Siku ya kwanza kazini? Shemeji, mimi nilikuwa nataka kazi, sikutaka kesi."

Mdogo wangu akanikazia macho. "Na wewe kesho utampekua?"

"Nitampekua."

"Ukiikuta?"

"Nitasema nimeikuta."

Akanyanyua kikombe changu cha chai, bado nusu, akakipeleka jikoni. Shangazi, ulimlea wewe, unajua akinyamaza anakuwaje. Shemeji ndiye aliyesema, "Mwache kaka yako. Nitaingia bila chumvi, litakalokuwa na liwe."

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani, anayetazama vitu kama anayenunua nyanya. Nikampekua shemeji mbele yake. Sikukuta kitu ila mbavu. Akaweka kadi. Kidole kikakubali. Akaingia kwenye vioo, mlango ukafungwa nyuma yake, na king'ora kikalia jengo zima.

"Huyu siye!" Afande akapiga kelele. "Nimekamata mtu!"

"Unamfahamu?" mkaguzi akauliza.

"Namfahamu, ni fundi wetu, lakini siye!"

Shemeji amesimama mle ndani kama samaki wa kwenye chupa, jasho linamtiririka. Mkaguzi akamsogelea kwenye kioo, akamwuliza kwa upole amepungua kitu gani. Akajibu, "Pasi, mama." Akaeleza yote. Mkaguzi akauliza siku hizo zote alikuwa anapitaje. Shemeji akanitazama, akatazama chini, akasema, "Kwa chumvi."

Afande akasema afukuzwe saa hiyo hiyo.

Mkaguzi akavua miwani, akaipangusa taratibu. "Mkimfukuza, nitalazimika kuandika sababu. Nitaandika kwamba mlimwandikisha na mkoba begani. Nani alimpima?"

Afande akanywea. Mimi nikatazama dari, lina rangi nzuri.

"Mimi naona mlango huu ni mzuri mno," akaendelea. "Umemkataa mtu aliyepungukiwa pasi moja. Kasoro ilikuwa watu kuingia bila kupekuliwa, na leo wamepekuliwa. Mtoeni huyo mpate kumpima upya. Mikono mitupu, tafadhali."

Wakampima. Akaingia. Mlango ule wa pili ulipofunguka bila kelele, nilikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo mlinzi haruhusiwi. Ijumaa alipewa barua ya kuajiriwa kabisa. Mdogo wangu alilia, akacheka, akanipa chai kikombe kizima, na chumvi ile sasa tunapikia. Kwa hiyo, Shangazi, lala usingizi. Ukipigiwa simu tena, uliza kwanza aliyepiga alikuwa wapi siku hiyo.

Nisalimie sana mjomba mume wako, na wale mapacha, na jirani yako mshona nguo anayeniulizia kila mara kama nimeoa. Mwambie bado, natafuta anayepita mizani. Mungu akuponye mguu, akutunze ugenini, akulete huku mtoto akizaliwa.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Mzee wa Geti.

Tanbihi: Nusura nisahau. Kwa kuwa nilitoa jasho, mkaguzi aliniruhusu nichungulie ndani, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Ni ukumbi mkubwa, unang'aa, una baridi kali. Hamna kitu. Kompyuta zenyewe bado hazijanunuliwa.